Mabega ya Mkwe Hayakondi

Mshauri wetu,

Nakuandikia nikiwa nimefunga mlango wa duka kwa ndani na wateja wanagonga, maana lililonipata siwezi kumwambia mtu wa hapa mtaani, na mke wangu ambaye ningemwambia ndiye aliyenionya tangu mwanzo nisiliamini jicho peke yake. Mimi ni fundi wa suti, huu ni mwaka wa thelathini na moja, na miaka yote hiyo sijamwekea mteja futi ya kupimia mwilini, namtazama tu anapoingia, namwambia ageuke, nakwenda mezani nakata, na suti inamkaa, watu wametoka mbali kuja kushuhudia, na tafadhali usidhani ni majivuno, ni heshima ya kazi tu, ingawa kweli pale mlangoni nimeandika kwa rangi nyekundu HAPA HATUPIMI.

Basi binti yangu amepata mchumba, na baba wa huyo kijana, ambaye tunaitana mkwe, ni mwalimu mstaafu wa michezo, mtu aliyenyooka kama rula, anayejisifu kwamba tangu alipooa hajabadilisha tundu la mkanda, naye akasema suti ya harusi atashonewa na mimi na si mwingine. Siku aliyokuja dukani alikuja na kaka yake, pande la mtu, wakasimama bega kwa bega, nikamtazama mkwe, nikamwona mwembamba, nikakata. Mshauri, kando ya yule kaka hata kabati lingeonekana jembamba. Alipokuja kujaribu, koti likagoma mabegani, likalia "trrr" kwenye kwapa, na dukani walikuwemo wateja wanne pamoja na kinyozi wa jirani ambaye mdomo wake hauna kifungo, na kabla sijafikiri nikasikia ulimi wangu unasema, "Mkwe, umenenepa."

"Mimi?"

"Kidogo tu. Hapa juu."

"Mtu hunenepa mabega?"

"Kwa umri wetu, mkwe, ndipo panapoanzia."

Nilidhani atacheka, tuachane na habari hiyo, nami nirekebishe kimyakimya, kumbe nimetonesha kidonda, kesho yake binti ananipigia simu kwamba baba mkwe wake ameamka alfajiri kukimbia na filimbi yake ya zamani shingoni, ameacha wali, ameacha mkate, anakula kabichi ya kuchemsha isiyo na chumvi, na tangu hapo kila Jumamosi anakuja kujaribu suti na kila Jumamosi suruali inamvuka, nimeipunguza kiuno mara tatu mpaka mifuko ya nyuma inakaribia kugusana, lakini koti liko pale pale.

"Mabega bado, mkwe?"

"Bado, mkwe."

"Basi naacha na mayai."

Jumatano akaanguka kwa kinyozi. Hakuumia, kiti kilimdaka, lakini mkewe akanipigia jioni ile ile akaniambia, "Mkwe, sema naye wewe, wewe anakusikia. Amekonda mpaka pete inamtoka kidoleni akinawa, na bado anasema fundi hajaridhika."

Nikaamua nikate koti jipya kwa siri kisha nimwambie hongera, umepungua. Lakini koti linataka kipimo, na jicho langu siliamini tena, na futi siwezi kumwekea bila kuulizwa kulikoni, basi nimekuwa nikimkumbatia, Mshauri, wiki hii mara tatu, namzungushia mikono mgongoni nikihesabu shubiri moja moja, nikifika ya pili ananishukuru na kujitoa, na sasa amemwambia mkewe kwamba hajapata kuona baba wa bibi harusi mwenye upendo kiasi hiki. Mke wangu aliishuhudia ile ya tatu, mkwe alipopita nyumbani kwetu. Tulipofika jikoni akaniuliza, "Baba, kwani futi ina miiba?"

Harusi ni wiki mbili zijazo. Nikisema ukweli, kinyozi atautangaza mpaka ng'ambo ya mji, miaka thelathini na moja itakwenda na maji, na binti yangu ataingia nyumba yenye kinyongo. Nisiposema, mkwe ataanguka tena, na safari hii pengine hapatakuwa na kiti. Nionyeshe njia ya kumwokoa bila mimi kupoteza heshima yangu. Na ukiichapa barua hii usitaje jina langu wala la duka, ila ukipenda unaweza kusema kwamba nguo zangu nyingine zote zinakaa vizuri sana.

Ni mimi,
Fundi asiyepima

*

Fundi,

Umeomba nisitaje jina, kisha ukanijazia pembeni ya karatasi jina la mtaa na orodha ya wakubwa uliowashonea. Vyote nimevifuta, na maneno ya mlangoni nimeyabadilisha kidogo.

Kabla ya kukujibu niliuliza watu wawili. Wa kwanza ni fundi mwenzako anayeshona karibu na ofisi yetu. Nilimuuliza mtu akijinyima chakula mabega yake hupungua kiasi gani. Akaacha kukanyaga cherehani. "Nyama itapungua," akasema. "Mfupa utakwenda wapi?" Wa pili ni muuguzi. Aliniuliza umri wa mgonjwa, nikamwambia amestaafu. Akasema, "Mzee anakimbia bila kula, ameshaanguka mara moja, na wewe unaniuliza habari za koti?"

Jibu la muuguzi huenda hukulijua. La fundi ulilijua. Kila Jumamosi ulipomwambia "bado", ulijua kwamba hata abaki mifupa mitupu, koti lile halitapita, kwa sababu kilicholizidi ni hiyo mifupa.

Nakuhurumia, sikufichi. Miaka thelathini na moja ya kukata kwa jicho ni kipaji, na mtu mwenye kipaji ana haki ya kutembea kichwa juu. Kukosea suti moja hakukuondolei hilo. Nguo mbovu hata wanaopima wanazishona. Ungesema siku ile ile, "Mkwe, nimekukata vibaya, nipe wiki," kinyozi angekuwa na kicheko cha siku moja. Lakini wateja walikuja kwako kwa sababu nguo zinakaa, na wewe sasa unalinda maandishi ya mlangoni huku mteja amekwama mikono ndani ya koti. Usiniambie hiyo ni heshima ya kazi. Ni kiburi, tena cha aina mbaya, maana anayekilipia ni mwenzako, kwa tumbo lake.

Mkwe naye ana yake. Mtu mzima akiambiwa mabega yamenenepa, angeweza kujitazama kwenye kioo na kukutukana. Hakufanya hivyo kwa sababu anajivunia mwili wake na anakuamini wewe. Ulipiga hapo hapo, na ulipoona panauma ukaendelea.

Sasa sikiliza. Usingoje Jumamosi. Leo ukishasoma hapa, funga duka uende nyumbani kwake. Usimtume mkeo, usimbebeshe binti yako. Hakikisha mke wa mkwe amekaa hapo, kwa kuwa yeye ndiye anayechemsha hiyo kabichi na anastahili kusikia. Sema hivi: "Mkwe, hukunenepa. Nilikosea kukata, nikakusingizia." Basi. Kaka yake usimtaje, wala usisingizie mwanga wa dukani. Ukianza kueleza, utajikuta umemlaumu mtu mwingine kabla hujamaliza sentensi.

Halafu toa futi umpime mabega hapo hapo sebuleni, mara mbili, na uandike. Nunua kitambaa kipya, koti zima likatwe upya. Kiuno usikiguse kwanza. Ukikipima leo utapima njaa, na siku ya harusi suruali itampasuka mbele ya wageni. Mwache ale wiki moja, ndipo umpime kiuno. Siku zitakazobaki zinakutosha. Na kesho asubuhi mpeleke hospitali mwenyewe, apimwe presha na sukari, ukae naye kwenye foleni.

Kinyozi atasema. Mwache aseme. Hili litampa maneno ya wiki moja, lakini mkwe akianguka barabarani litampa maneno mpaka wajukuu wenu waoe.

Mkwe anaweza kukasirika. Ni haki yake. Kaa kitini umsikilize mpaka amalize, na kwa kuwa alikuwa mwalimu, jiandae kukaa sana. Anaweza pia kucheka. Akicheka, wewe tulia. Mngoje na mkewe acheke, ndipo ufuate.