Mama Mkwe wa Jumapili

Sadashiv Peth,
Pune.
6 Februari 1986

Mpendwa ndugu yangu Vasanta,

Salamu nyingi na baraka za dada mkubwa zikufikie huko Jabalpur. Wewe na wifi yangu Pramila hamjambo? Kifua chako kimepona, au bado unakohoa na kusingizia vumbi la reli? Reli umestaafu miaka sita iliyopita, Vasanta. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto linanikumbusha ngazi zote nilizopanda tangu niolewe.

Kadi yako nimeipata. Umesikia kwa mwanangu Shirish kwamba dada yako hasemi siku hizi, ukauliza kama ni ugonjwa wa koo. Si koo. Ni mke wake, Ketaki. Kaa chini nikueleze.

Unajua anachora vikatuni gazetini. Alipokuja kwetu alileta sanduku la kalamu na wino, nami nikadhani ni mambo ya usichana, yataisha akishakabidhiwa jiko. Hayakuisha. Mwaka wa nne huu kila Jumapili anachora kibibi chenye pua kama mpini wa jembe, jina lake Mama Mkwe, na kila neno kinalosema nimelisema mimi. Jumatatu nikilalamika kwamba mikate yake ya mtama ina pembe kama ramani, Jumapili Pune nzima inaicheka mikate hiyo.

Muuza mboga ananiambia, "Bibi, leo usinibane bei, nisije nikatokea gazetini!" Hekaluni wanawake wenzangu wananichokoza kusudi: "Haya Indumati, sema basi, tusikie ya Jumapili!" Naona aibu, ndugu yangu. Nyumba hii niliingia bibi harusi wa miaka kumi na sita, na leo sina pembe ya kupigia chafya bila kuchorwa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nilimlalamikia Shirish. Akacheka, akasema, "Mama, wewe sasa ni maarufu kuliko meya." Nikamwendea Ketaki mwenyewe, nikamwomba aache. Alijibu kwa adabu, siwezi kumsingizia. "Mama, mhariri hataki kingine. Nimempelekea michoro ya mawaziri, ya bei ya mafuta ya taa, yote ameirudisha. Anasema mwanamke achore ya jikoni. Hata mimi huyo bibi amenifunga." Sikumwamini. Jumapili iliyofuata, lile ombi langu lilikuwa gazetini, na pua juu yake.

Basi baada ya Diwali nikafunga mdomo. Tuone atachora nini! Naitikia kwa kichwa, naonyesha kwa kidole. Miezi mitatu, mimi, ambaye baba alisema nitaongea hata nikiwa juu ya kuni za mazishi yangu. Mwanzoni nilifurahi, maana vikatuni vilikosa chumvi kabisa. Baadaye nyumba ikawa nzito. Shirish anakula haraka haraka na kutoka. Mara nyingi nilitamani kusema neno, hata la kugomba, lakini ningeanzaje bila kuonekana nimeshindwa? Mlango niliufunga mwenyewe na ufunguo sikujua nimeuweka wapi.

Kumbe wakati huo wote Ketaki anaandika tamthilia. Ni ya nne. Zile tatu za kwanza vikundi vya maigizo vya hapa vilizikataa. Kiongozi mmoja alimwambia atachukua moja kama Mama Mkwe wa gazetini atapanda jukwaani, maana huyo ndiye atakayejaza viti. Ketaki akakataa. Hilo sikulijua, nimeambiwa juzi na Shirish. Hii ya nne ikapokelewa, na tiketi yangu nikaikuta juu ya mto wangu, safu ya pili.

Nilikwenda kwa hasira. Nilivaa sari yangu ya hariri ya yadi tisa, ili wanaonicheka wanicheke nikiwa nimependeza. Kengele ya tatu ikalia, pazia likafunguka. Mwanamke mzee amekaa kitini anachambua mchele. Pua yake ya kawaida tu. Hasemi. Saa nzima hasemi hata neno moja, Vasanta! Mkwewe anamzunguka, anamsimulia ya sokoni, anamweleza kazi yake ilivyokataliwa, anaimba, anavunja sahani makusudi ili walau atukanwe. Watu walicheka mwanzoni, kisha wakaacha kucheka. Mimi nilikuwa nawaka moto. Hata kimya changu amekiandika! Nikisema nachorwa, nikinyamaza naigizwa. Niende wapi sasa?

Wakati wa mapumziko mama mmoja wa kiti cha pili, mdomo umejaa bhajia za viazi, akaniinamia akasema, "Kizee katili hiki, jamani!" Nilitikisa kichwa kwa mazoea. Nadhani alifikiri nimekubali.

Asubuhi yake Ketaki alinikuta jikoni. Alisimama mlangoni. Nikafungua mdomo, na sauti ikatoka inakwaruza, siyo yangu kabisa.

"Yule mama wa jukwaani," nikasema. "Muda wote amekaa pale, na hakuna hata mmoja wenu aliyempa chai."

"Alipewa, Mama," akasema taratibu. "Mara tatu. Aliiacha ikapoa."

Nililia, naye akalia, kila mmoja upande wake wa jiko. Tamthilia inarudiwa Jumamosi, na nimemwambia nitakwenda tena, nione siku ile nilikuwa natazama wapi.

Msalimie sana Pramila, na binti yenu Sulabha pamoja na mumewe. Mungu wetu Ganpati akuondolee kila kizuizi njiani, akupe pumzi ya kutosha na maneno ya kuitumia.

Ni mimi dada yako, nisiyechoka kukupenda,
Indumati