Mwenye Kuchagua Muti

Durban, tarehe 8 Desemba

Mama mupendwa,

Habari ya huko Bukavu? Mugongo yako ingali inauma? Sisi tuko muzima, Laetitia anakusalimu sana.

Hii ni Noeli yetu ya kwanza mu nyumba yetu wenyewe, na ya kwanza tangu Papa alale kaburini. Nataka kuleta muti ya kweli, sawa vile alikuwa analeta. Lakini sitaleta mpaka wewe useme ndiyo.

Mwana wako,
Glody

Bukavu, tarehe 11 Desemba

Glody mwanangu,

Nimepokea salamu yenu. Mugongo ni ile ile.

Huku mwaka huu hatuweke muti. Mwenye kuchagua amelala. Wewe ukitaka weka, huko ni kwako, lakini usinilazimishe kufurahi. Na utachagua namna gani? Hukumuuliza Papa hata siku moja. Ulikuwa unasimama tu nyuma yake.

Mama yako

Durban, tarehe 17 Desemba

Mama yangu,

Naomba Mungu akupunguzie maumivu. Huku ni joto tu.

Ni kweli, sikumuuliza. Unanijua, kuuliza kunanishinda. Lakini nilikuwa naangalia.

Jumamosi nilienda Pinetown, kule wanauza miti ya Noeli pembeni ya barabara. Muuzaji akanionyesha moja ndefu, imenyooka. "My brother, hii ndio number one." Nikashika tawi, nikavuta polepole, kama vile Papa, kama muntu anasalimia muzee mukono. Ikaniachia majani kiganja kizima. Ilikatwa zamani ile. Nikaenda ku ingine, na ingine. Muuzaji akacheka: "Eish, unanunua muti ao unatafuta bibi wa kuoa?"

Kule mwisho kulikuwa moja fupi, imepinda shingo kidogo. Nikavuta. Haikuniachia kitu, harufu tu. Nikasema, "Hii."

Laetitia yeye alitaka ya plastiki. "Bwana yangu, hii joto itamwaga majani mu nyumba yote, na mwenye kufagia ni nani?" Basi nikashuka kwa Mama Naseema, jirani wetu wa chini hapa Berea. Ni muislamu, mababu zake walitoka Zanzibar. Iko na migomba nyuma ya nyumba, na moja ilishazaa. Nikamuomba shina. Akasema, "Mwanangu, Krismasi ni yenu, mgomba ni wangu. Kata, lakini keki nataka."

Nikasimamisha kipande mu ndoo, nikatoboa na kisu, nikapanda muti ndani, sawa Papa. Mugomba iko na maji mingi, muti inakunywa yenyewe. Mpaka leo Laetitia anafagia, hapate kitu.

Nakutumia picha. Ni mimi nimepiga magoti pale pembeni.

Mwana wako,
Glody

Durban, tarehe 22 Desemba

Mama,

Uko muzima? Naona picha ilifika lakini haujajibu. Kama nilikosea, uniambie tu, nitatoa ile muti.

Glody wako

Bukavu, tarehe 24 Desemba

Mwanangu Glody,

Salamu kwako na kwa bibi yako. Mugongo iko, lakini leo niliinama bila kuisikia.

Haukukosea. Nilinyamaza kwa sababu ya suruali yako. Muti niliiona baadaye. Kwanza niliona goti yako ya kuume, na doa nyeusi ya mugomba. Papa yako hivyo hivyo, kila Noeli, goti ile ile. Nilikuwa namugombeza: "We muzee, maji ya mugomba haitoke hata usugue na jiwe." Anacheka tu. Suruali yake iko mu malle, sanduku yake ya nguo, sikumupatia muntu. Nimeitoa, nimeiweka karibu na picha yako.

Nilisema mwenye kuchagua amelala. Nilisema haraka.

Leo asubuhi nilishika panga, nikakata mugomba mimi mwenyewe. Majirani wakauliza, nikawaonyesha simu: "Huyu ni mwana wangu, iko Durban. Sasa ni yeye anachagua muti wa nyumba yetu." Halafu nikaenda ku muti ya sipre. Nilivuta tawi sawa wewe. Haikuachia kitu.

Mwambie Laetitia asisugue ile suruali.

Mama yako