Mkwe Hapewi Samaki

Mama Mwende,

Ziwa lenu linakusalimu. Moyo wangu bado unadunda, ingawa huku kwenu wanaupangia njama.

Kwani hukumwambia mama yako kilichonileta? Daktari huko Nakuru alisema damu yangu imejaa mafuta, niache nyama nono nile samaki. Ukacheka, ukasema, "Nenda kwetu Katito, utakula samaki mpaka uote magamba." Basi tangu nifike sijaona hata mwiba! Siku ya kwanza nilichinjiwa kuku, akaletwa anaogelea kwenye samli. Jana ikawa mbuzi, na mafuta yake yaliganda kwenye sahani huku nikiyatazama. Nikawaza, ndivyo yanavyoganda ndani yangu.

Na samaki wapo! Kila jioni harufu ya ngege na nyanya inanifuata kutoka jikoni. Leo nimemwomba ndugu yako Ouma anionjeshe kidogo tu. Alishtuka kama nimemwomba shamba. "Shemeji, samaki ni chakula chetu cha kila siku. Tukimpa mkwe samaki, watu watatuonaje?" Halafu, kwa kunionea huruma, akaniongezea mbavu.

Kwa hiyo huyu ngege wa kwenye picha ya kadi hii ninayokuandikia ndiye pekee niliyemshika tangu nije.

Nisalimie watoto. Wewe panda basi uje uwaambie kwamba mimi ni mtu wa nyumbani tu, kabla heshima yao haijaniua.

Mgeni wa heshima,
Baba Mwende