Wapita Njia Wananipa Pole kwa Picha ya Mke Wangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla Jumamosi ya mwisho wa mwezi haijafika, maana siku hiyo mke wangu anahamisha cherehani yake kutoka kwenye chumba tulichogawana kwa pazia miaka ishirini na miwili, yeye upande wa kushona na mimi upande wa picha, na ufunguo wa chumba kipya, kile cha nyuma ya duka la dawa, ameshautundika shingoni kama medali.

Mimi ni mpiga picha wa studio, mtu wa miaka hamsini na mmoja, nina kitambi kinachonitangulia kuingia ndani na upara unaorudisha mwanga vizuri kuliko mwavuli wangu wa kazi, na maisha yangu yote nimepiga picha za vitambulisho, tazama mbele, masikio yaonekane, usicheke, haya mwingine, hata nadhani nimetazama masikio mengi kuliko daktari wa masikio, na wala sikunung'unika mpaka kila mtu alipopata simu yenye kamera na mlangoni kwangu wakabaki wale wanaouliza choo kiko wapi.

Ndipo nikapata kwa muuza vitabu vya mitumba rundo la magazeti ya sinema za zamani, mshauri, na humo nikakutana na wanawake wa picha za nyeusi na nyeupe, mabega wazi, nywele zenye mawimbi kama zimepigwa pasi, nyusi nyembamba, na macho yanayokutazama kana kwamba wewe ndiye uliyechelewa, nami nikashikwa. Nikasoma, nikauliza, nikajifunza kwamba siri yote ni taa moja kali inayowekwa juu, mbele ya uso, ili kivuli cha pua kidondoke wima juu ya mdomo kikiwa na umbo la kipepeo, na mashavu yajichonge yenyewe, halafu taa ndogo nyuma izipe nywele ukingo wa fedha. Nikapata taa mbili za jukwaani ukumbi wa shule moja ulipobomolewa, nikamchagua staa mmoja niliyempenda kuliko wote, nikapima mpaka taa zangu zikalingana na zake, nikabandika utepe sakafuni mahali pa kiti na utepe mwingine kwenye nguzo mahali pa taa, na picha yake nikaibana kwa kibanio cha nguo kwenye nguzo hiyo hiyo, chini kidogo ya taa, ikinielekea mimi, ili nimwone yeye na mteja kwa kutupa jicho mara moja. Nikaandika ubao nje, KUWA STAA WA ZAMANI KWA SAA MOJA, na watu wakaja kweli, karani wa posta, mpishi wa hospitali, hata mwalimu mkuu mmoja wa kike aliyekuja na shali ya manyoya ya kuazima, akatoka anajipepea na kuniita mkurugenzi.

Siku moja mke wangu akachomoza kichwa kwenye pazia akasema, "Na mimi je? Miaka yote hii umenipiga za kitambulisho tu, na hata hizo nimefumba macho." Akashona gauni la satini wiki tatu. Jumapili mchana tukafunga mlango, akakaa kwenye kiti.

Sasa hapo, mshauri, ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu kivuli cha kipepeo hakikuja. Nikamwambia kidevu juu, akainua, nikamwambia juu tena, siyo hivyo, umekuwa kama kuku anayekunywa maji, akacheka, na mke wangu akicheka anacheka kwa uso mzima, nami kwa joto la zile taa na jasho la upara nikasema, "Usicheke bwana, ukicheka pua inatanuka." Akafunga mdomo. Saa mbili nzima hakuufungua, ila mara moja nilipochukua poda ya rangi ya kahawia nikaipunguza pua yake pande zote mbili, kisha nikachukua wanja nikamchorea kivuli cha kipepeo juu ya mdomo, akaniuliza, "Unanipaka masharubu?" nikamwambia atulie, kwenye picha hayataonekana kama masharubu. Tulipomaliza akasimama kutafuta maji, akazunguka nyuma ya nguzo, akaiona ile picha kwenye kibanio. Akaitazama. Akajitazama kwenye kioo. Akajifuta uso kwa upindo wa gauni, akarudi upande wake.

Nami mjinga nikafikiri ameridhika, nikaisafisha picha, na hapa lazima nikiri, mshauri, ni picha bora kuliko zote nilizowahi kupiga, ukiiweka kando ya lile gazeti hutajua ipi ni ipi, nikaikuza mpaka ikawa kubwa kama meza, nikaitia fremu nyeusi, nikaisimamisha dirishani.

Wa kwanza alikuwa fundi viatu wa mtaa wa pili. Aliingia amevua kofia. "Pole sana, ndugu yangu. Aliugua muda mrefu?"

"Nani? Hakuugua mtu."

"Ah. Ghafla. Hizo ndizo mbaya zaidi." Akanishika bega, akaondoka.

Upande wa pili wa pazia cherehani ikanyamaza. Kesho yake wakaja wawili wengine na pole zao, na keshokutwa akapita dada mkubwa wa mke wangu, akasimama dirishani muda mrefu, akaingia na uso umekunjwa, akasema, "Shemeji, mimi si mtu wa maneno, lakini huyo mwanamke uliyemweka dirishani, mdogo wangu akiwa hapo ndani anashona, ni nani?"

Pazia likafunguka. Mke wangu alikuwa na pini mdomoni, akazitoa moja moja. "Dada yangu hajanijua," akasema. "Tumelala kitanda kimoja miaka kumi na mitano, hajanijua. Kwa hiyo nieleze wewe. Siku ile ulikuwa unampiga picha nani?"

Nikamweleza habari za kivuli.

Tangu hapo hasemi nami ila kupitia wateja wake. "Mama, hebu mwambie jirani yangu apunguze taa, inaniunguzia vitambaa." Jirani, mshauri! Na walipomuuliza kwa nini anahama akasema, "Anayemtaka yuko dirishani. Mwambieni awe anampelekea chai huko." Kila anayesikia anacheka, nami nacheka nao kwa aibu. Lakini nyumbani hatucheki. Ninachoomba unisaidie ni hiki: nimweleze vipi aelewe kwamba ile ni sanaa na si dharau? Na je, ni lazima niiondoe ile picha, wakati watu watatu wameshaagiza yao kwa kuiona hiyo?

Ni mimi, Jirani wa Mke Wangu

* * *

MSHAURI ANAJIBU

Jirani, barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilicheka. Ya pili nilitafuta mahali ulipoandika mkeo anafananaje, sikupata. Najua macho ya yule wa gazetini yanatazamaje, najua nyusi zake, najua hata mawimbi ya nywele. Kuhusu mwanamke uliyegawana naye chumba miaka ishirini na miwili nimeambulia pua. Gauni aliloshona wiki tatu umelipa sentensi moja fupi, utepe wa sakafuni umeupa maelezo kamili. Halafu unauliza kwa nini anahama! Mimi nashangaa anangoja Jumamosi ya nini.

Kwa kuwa unajiita msanii, sikutaka kukuhukumu kwa ujinga wangu. Nimevuka ukumbi kwenda kwa mwenzangu anayepiga picha za gazeti hili, mama asiye na subira na mtu, nikamsomea barua yako.

"Taa yake anaiweka wapi?" akaniuliza.

"Kwenye utepe."

"Utepe ameupimia uso wa nani?"

"Wa yule staa."

"Na akimkalisha mtu mwingine?"

"Pale pale kwenye utepe."

Alivua miwani akafuta machozi ya kicheko. "Huyo si mpiga picha, huyo ni fundi viatu mwenye kipimo kimoja, mteja akija na mguu wake anamkata vidole! Mwambie taa ndiyo hufuata uso. Hilo tulifundishwa kabla hatujaruhusiwa kugusa kamera. Angeipandisha shubiri moja tu, na kidevu akaacha kilipo, kivuli kingeshuka chenyewe. Yeye amemwinua mama wa watu kidevu mpaka kivuli kikatoweka, kisha akakichora kwa wanja."

Umesikia? Hata sanaa unayoisingizia imekukana. Taa yako ina nguzo ya kupanda na kushuka, na bado uliona rahisi zaidi kumrekebisha mkeo.

Nitakutendea haki kidogo, maana si mtu mbaya, ni mtu aliyelewa kazi yake. Karani, mpishi na mwalimu mkuu walikuja kwako wakitaka saa moja ya kuwa mtu mwingine, ukawapa, wakafurahi, hakuna kosa. Mkeo hakusoma ubao wako. Alisema umempiga za kitambulisho tu. Kwa Kiswahili changu hiyo maana yake ni kwamba hajawahi kutazamwa na wewe, na anaomba atazamwe mara moja kabla hamjazeeka. Akajishonea na gauni. Ukamkalisha, ukamtazama mwanamke mwingine juu ya kichwa chake kwa saa mbili, na alipofurahi ukamwambia furaha yake inatanua pua. Jirani, kuna wanaume huenda kuzini mbali kwa gharama kubwa na hawafanikiwi kuumiza kiasi hicho!

Na wale wanaokupa pole hawajakosea. Walitazama dirishani wakaona mwanamke asiyekuwepo. Dada mtu naye hana matatizo ya macho.

Sasa fanya hivi, wala usinijibu. Ukimaliza kusoma gazeti hili, kabla hujafungua kwa wateja, ondoa picha dirishani. Usiichane, usiifiche nyuma ya kabati uwe unaichungulia. Mpe mwenyewe. Uso uliouchorea wanja ni wake, ataamua kama picha ni ya kuni au ya kuwachekesha dada zake. Wale watatu walioiagiza waonyeshe ya mwalimu mkuu.

Halafu bandua huo utepe sakafuni, wote, hata gundi yake uikwangue.

Kwa mkeo usipitie kwenye pazia. Toka nje, ingia kwa mlango wa barabarani kama wanavyoingia watu wenye adabu, ngoja amalize mshono alionao. Mwambie ulimkataza kucheka na ulikosea. Umemaliza. Neno kivuli lisitoke mdomoni mwako, wala taa, wala sanaa. Akikutukana, pokea. Akikutumia ujumbe kupitia kwa mteja, mjibu mteja kwa heshima na uendelee kusimama. Na ole wako uombe kumpiga picha nyingine ya kusahihisha! Mtu hajasahau moto wa taa ya kwanza unamwita kwenye ya pili? Akitaka picha atasema, mdomo anao, na siku hiyo utapandisha na kushusha nguzo mpaka mikono ikuume, huku yeye akicheka anavyotaka.

Unataka nikuahidi hatahama. Siwezi. Ufunguo uko shingoni, na mwanamke aliyefika kwenye ufunguo amefikiri kuliko wewe na mimi. Huenda chumba cha nyuma ya duka la dawa kina dirisha zuri la kushonea, na huenda akakaa huko mchana na kurudi nyumbani jioni akiwa na raha kuliko alivyokuwa karibu na joto lako. Hilo nalo litakuwa ndoa. Kwa hiyo Jumamosi akianza kufunga vitu, usisimame mlangoni umekunja uso kama mfiwa. Cherehani ina upande mzito, ule wa mota. Ushike huo. Mkifika, usimuulize atarudi lini. Muulize anataka ikae wapi, na akisema hapana, sogeza kidogo, isogeze.