Mama Kahamia kwa Jirani na Deki ya Harusi

Mpendwa mshauri, shikamoo, naomba unisaidie kabla sijapasuka. Mimi ni fundi rangi, jicho langu halivumilii doa, basi nikajinyima mpaka nikanunua televisheni ya 4K, pana kama mlango, picha inang'aa hadi unaona vinyweleo vya nzi, kumbe vituo vyetu havirushi picha za namna hiyo, kwa hiyo kitu pekee kinachoitendea haki ni video ya kasuku na matone ya maji niliyopewa dukani kwenye flashi, nasi tunaitazama kila jioni, hata wageni. Sasa mama yangu, ninayeishi naye, anataka CD ya harusi yangu, ati amwone marehemu baba akicheza, na ukiiweka pale baba anatoka ukungu mtupu, uso kama uji, nikamwambia, "Mama, unaitia aibu televisheni." Akabeba deki ya kuchezeshea CD, CD yenyewe na mto wake, akahamia kwa jirani yetu mshonaji, mwenye televisheni ya chogo, ile nene ya zamani, na mke wangu na watoto wanashinda huko, nawasikia wakipiga vigelegele, mimi nimebaki na kasuku. Nifanyeje waheshimu teknolojia?

Fundi Rangi

Marahaba, Fundi. Pole, ila pole hiyo mpelekee mama yako, wewe ngoja kwanza. Hivi ulisoma ulichoandika? Mjane anaomba kumwona mumewe, wewe unaionea huruma televisheni! Ungekuwa karibu ningekufinya sikio. Na hao kasuku, mna undugu gani?

Ukungu unauona wewe, bwana. Uso wa baba yako mama anaujua tangu hujazaliwa; anachotaka ni kumwona akisogea.

Leo hii nenda kwa mshonaji. Usiende kumrudisha mtu, kaa chini na wenzako, utazame harusi mpaka mwisho, na baba akianza kucheza funga mdomo. Kisha muombe mama radhi, mkeo akisikia. Akikubali kurudi, deki ifungwe kwenye hilo litelevisheni lako, na ukungu ukikukera sogeza kochi nyuma mpaka ukutani. Picha ya zamani hutazamwa kwa mbali.

Tena uende na simu. Watu wa aina yako nawajua, lazima nayo inarekodi 4K. Mrekodi mama anavyomcheka baba. Siku moja utaitafuta video hiyo, na hutauliza inang'aa kiasi gani.