Mama Pindo, Mzee Wako Amesoma Mpaka Mwisho

Mwaka umetimia, Mama, tangu ulipofunika cherehani ukasema unajinyoosha kidogo, na hukuamka tena. Wateja wako bado wanabisha hodi na suruali mkononi. Tukiwaambia, wanakaa kwanza, wanafuta macho, ndipo wanaondoka.

Ulikuwa na mkono mwepesi na roho nyepesi zaidi. Sare ya mtoto ikifumuka, uliishona papo hapo, mwenyewe amesimama na fulana.

Lakini wengi walikujua kwa jambo jingine. Ile tamthilia ya redioni ilipokwisha na nesi akaachwa stesheni na begi lake, ulinuna siku tatu. "Haiwezekani! Mtu mzima, ana kazi yake, wamwache hapo kwenye benchi?" Ukaegemeza simu kwenye kopo la vifungo, ukaanza kumwandikia maisha mapya, na karani wa tiketi wa kumpenda ukampa. Kila Ijumaa mchana sura moja mtandaoni, kwa jina la Mama Pindo. Mteja akiharakisha, ulimwambia, "Subiri kidogo, nesi wangu yuko pabaya."

Baba alikutania. "Nguo ya kuazima haisitiri..." Methali hakuimaliza, sisi watoto tulikuwepo. Ukamjibu, "Mimi ni fundi bwana. Naipunguza mpaka inakaa." Akasema mambo ya kwenye simu yeye hasomi, ukitoa kitabu cha kushikika, atasoma. Kwake ulikuwa mzaha, wewe ukauweka moyoni.

Ukazipeleka sura zote sitini na moja kwa mchapishaji. Alizisifu, ila akasema wale watu wa tamthilia wana wenyewe, ndio walioitunga. Mtandaoni ni burudani tu, lakini kitabu cha kuuza hakiwezekani mpaka ubadilishe nesi, stesheni na majina yote. Ulirudi na bahasha kwapani. "Wasomaji wangu wamekuja kumwona nesi yule yule," ulisema. "Nikimgeuza mtu mwingine, nitakuwa nimemwacha stesheni mara ya pili." Baba aliipokea ile bahasha, akaiweka kabatini. Kesho yake asubuhi tulikuta mkasi wako umenolewa.

Ulipotutoka, Baba alinijia mimi, binti yako mkubwa. "Nichapie kitabu chake," akasema. "Nakala moja tu, yangu." Tukaitoa pale kona kwa mwenye mashine ya kuchapa, ikafungwa kwa waya. Akasoma miezi, miwani puani, akigombana na karani wako. "Jitu gumu hili! Si aseme samahani yaishe?"

Alipomaliza, akaigeuza nyuma, akairudisha mbele. "Ndiyo yote hii? Mama yenu alikuwa akicheka na simu. Alikuwa akicheka na nani?"

Kumbe, Mama, sisi wajuaji tulichapa hadithi tu. Maneno ya wasomaji chini ya kila sura, pamoja na majibu yako, tuliyaacha tukidhani ni takataka. Nikampa simu. Mzee wako, aliyeapa hasomi mtandaoni, akaanza upya sura ya kwanza.

Chini ya sura ya arobaini msomaji mmoja alikuuliza, "Mama Pindo, huyu karani umemtoa wapi? Namtaka!" Ukamjibu, "Mwanangu, ninaye nyumbani. Anapuliza hata chai iliyopoa. Samahani haijui, ila akinikosea, naamka nakuta mkasi umenolewa. Siku akisoma hapa, atajijua."

Baba aliisoma kwa sauti, ikamkatikia njiani. Alilia, Mama. Sote tulilia. Kisha akakataa nimwandikie, akabonyeza mwenyewe kwa kidole kimoja, herufi moja moja, mpaka chai yake ikapoa, na bado akaipuliza. Maneno yake yako pale chini ya sura ya mwisho: "Nimesoma yote, mke wangu. Samahani. Ni mimi, karani."

Ile nakala ya waya iko kando ya kitanda chake. Hadithi yenyewe tumeiacha pale pale ulipoiweka, mlango wazi, wageni wako waingie.

Unakumbukwa na mumeo, sisi wanao watatu, wakwe zako, wajukuu wako na hasa somo yako mdogo, dada yako, na wasomaji wako wa Ijumaa. Baba bado anaunoa mkasi, Mama. Maadamu tuko hai, hutasahaulika.