Mlinzi wa Mteremkoni

3 Machi

Mama watoto,

Salamu kutoka huku kwenye majani. Natumai wewe na wanangu hamjambo, na cherehani yako imeacha kukata uzi. Mimi mzima, ila mikono inatetemeka kwa mashine ya kukatia majani hadi jioni, kijiko kinagonga meno.

Wametuhamishia bustani za hospitali kubwa. Mbele pana mteremko mkali unaoshukia njia ya wagonjwa. Mashine ya kusukuma huipandishi wala huishushi pale. Unakwenda nayo ukiukata mteremko kwa ubavu, ili ukiteleza miguu isiingie chini ya kisu. Nimepewa mlinzi, mama mmoja. Tunamwita Filimbi kwa sababu anayo shingoni, ya kuzuia wapita njia. Ana msimamo huyo, we acha tu. Kila asubuhi ananiinulisha mguu akague soli ya buti. Wenzetu hufunga mpira kwenye kile chuma cha usalama, ambacho ukikiachia kisu kinasimama, eti mkono usichoke. Filimbi akiukuta anaukata kwa wembe bila kumuuliza mtu.

Nikishavaa vifuniko vya masikio sisikii kitu, kwa hiyo amenipa sheria moja: macho yasiachane. Akiinua mkono, nasimama. Taabu ni kwamba kizibao chake cha reflekta kimepauka, inabidi nikaze macho nimwone.

Wasalimie wanangu.

Mumeo,
Baba watoto


12 Machi

Baba watoto,

Huku hatujambo. Watoto wazima, cherehani nzima. Mimi ndiye sijijui. Nakuandikia kwa sababu haya hayasemeki kwenye simu, wanao wametega masikio.

Barua yako niliisoma nikipiga pasi sare za shule, nikaunguza kola ya mtoto wa watu. Mama mmoja, unasema. Wa umri gani? Maana mteremko umenieleza mpaka unakoshukia, lakini yeye umemruka. Anakuinulisha mguu kila asubuhi. Mimi nikifagia nakuomba uinue mguu, unajifanya umelala. Halafu macho yasiachane, kutwa nzima, na wewe unakaza. Mara ya mwisho uliponikazia mimi macho ulikuwa unanionyesha kifungo cha shati kimetoka.

Nina wivu, sifichi. Omba mlinzi mwingine, mwanamume, au uje mwenyewe uwaeleze watoto kwa nini mama yao halali.

Mkeo wa ndoa, na neno hilo ulisome mara mbili


20 Machi

Mama watoto,

Nakusalimu nikiwa mbali kidogo, mpaka nijue hasira imeshuka. Mimi mzima wa mwili.

Umri wa Filimbi sikuwahi kumuuliza, na sasa ndiyo siwezi kabisa, ataniona sina adabu. Ila nimekusikia. Nimekwenda kwa msimamizi, nimesema ni mambo ya nyumbani, akacheka, akampeleka Filimbi bustani ya chini. Filimbi hakuniuliza mengi. Alisema tu, "Basi huyo mpya asitazame pengine."

Mpya tunamwita Mheshimiwa, kwa sababu simu yake haibanduki sikioni, utadhani nchi nzima inamsubiri aamue. Ni mwanamume, ana ndevu. Umeridhika?

Mumeo mtiifu,
Baba watoto


27 Machi

Mume wangu,

Habari za huko, mpenzi? Huku kwema mno. Usiku wa jana nililala mpaka mtoto akaja kunitikisa akidhani naumwa.

Huyo Mheshimiwa nampenda kabla sijamwona. Aongee na simu yake na akuachie macho yako. Nimeanza kukushonea suruali ya kazi, magoti nimeyatia kitambaa mara mbili.

Mkeo akupendaye


24 Aprili

Baba wa watoto wangu,

Leo salamu sitoi, na hali yako siulizi, maana naona u mzima sana.

Mwezi mzima hakuna barua. Simu inaita, inaita, inakatika. Mtu asiyetaka kupokea huzima simu. Wewe unaiacha ilie, kama kwamba uko na mtu mnaitazama pamoja. Kama umemrudia, sema. Suruali nimeikunja nikaisukuma nyuma ya kabati. Ninavyoumia sitakuandikia, mkaja mkasoma wawili.

Mama wa watoto


2 Mei

Mama watoto,

Hamjambo? Nisamehe kimya. Kaa kwanza, kisha uendelee kusoma. Nipo, nazungumza, nakula.

Nakuandikia kitandani, hospitali ileile. Dirisha langu linautazama mteremko wangu, nusu umekatwa, nusu bado. Asubuhi ya ajali, mapema Aprili, juu majani yalikuwa makavu, chini pale kivulini kulikuwa na umande. Mheshimiwa alikuwa ameufunga mpira kwenye chuma cha usalama, na mimi nikamwachia kwa kuwa mkono umechoka. Nikamwona mama na mtoto mgongoni wanaingia njiani, nikageuka nimtafute Mheshimiwa awazuie. Alikuwa amenipa kisogo, simu sikioni. Nikateleza. Mashine nikaiachia, lakini kisu hakikusimama, ikanifuata chini. Imechukua ncha ya buti na vidole viwili vya mguu wa kushoto; mama na mtoto hawakuguswa. Filimbi ndiye aliyekimbia kutoka bustani ya chini akaizima, akanifunga mguu kwa kitambaa chake cha kichwa.

Homa ilinishika, ndiyo maana sikuandika. Simu yangu alinitunzia yeye. Kila ulipopiga aliiona, akaja kuniuliza apokee. Nilimkatalia. Niliogopa usikie sauti ya mwanamke.

Daktari anasema nitatembea, na kazini nitarudi.

Mumeo,
Baba watoto


9 Mei

Baba watoto,

Hujambo? Leo nauliza nikitaka jibu, tena refu: mguu, homa, usingizi, chakula.

Nimelia, nikakutukana, nikalia tena. Nilipiga ile simu kama mwendawazimu, kumbe aliyekuokoa amekaa nayo mkononi na hawezi kuniambia neno, kwa sababu yangu. Hilo halinitoki. Na Mheshimiwa nilimsifu mwenyewe, kwa mkono wangu. Shule zikifungwa nakuja na watoto.

Wivu haujaisha, usijidanganye. Nikikumbuka kitambaa chake kimefunga mguu wako, nasikia moto hapa kifuani. Lakini bora niugue wivu na mume ninaye, kuliko nilale usingizi mzuri sina mume. Ukipona, nenda kwa msimamizi kwa miguu yako, umwombe Filimbi arudi. Ukiulizwa, sema ni mambo ya nyumbani.

Kwenye kifurushi hiki kuna suruali yako, na chini yake kizibao cha rangi ya chungwa. Ni chake. Nimekitia utepe wa kung'aa mbele na nyuma, umwone hata ukiwa umechoka. Vipimo vyake sina, kwa hiyo nimekishona kipana kama gunia, kinafika magotini, na sipunguzi hata inchi moja. Akivae kila siku. Mpira akiukuta, aukate. Na mwambie asikuondolee macho.

Mkeo